Kila Mtoto wa Pili Avae Bluu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Naandika haya nimekaa juu ya kifuniko cha choo. Daftari gotini, kompyuta juu ya beseni lililopinduliwa. Ofisi yangu halisi, kile chumba kidogo chenye meza na dirisha, inakaliwa na Mama Mkwe. Alikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa nane! Mezani pangu kuna cherehani yake, na kwenye kiti changu kuna mito anayoishona. Siwezi kutamka neno. Mkwe ni mkwe.

Lakini ukombozi uko juu. Kwenye paa la jengo letu kuna chumba kitupu. Kina mlango, kina umeme, kina dirisha linaloona mji mzima. Kamati ya wapangaji ilisema chumba hicho atapewa bure mtunza tovuti wa jengo. Na mtunza tovuti ni nani? Ni mimi. Jumapili wanakutana kupitisha rasmi, nikabidhiwe ufunguo.

Niweke kumbukumbu sawa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Jengo lina nyumba ishirini na nne. Kamba za kuanikia nguo juu ya paa zinatosha nyumba kumi na mbili tu. Zamani watu walikuwa wanawahiana alfajiri, na matusi yalianikwa pamoja na mashuka. Nikaja mimi na ukurasa wangu. Jedwali la nyumba zote, namba moja mpaka ishirini na nne, mstari mmoja mweupe, unaofuata bluu, hivyo hivyo mpaka chini. Wa bluu wanaanika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Weupe Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili kamba zinapumzika. Kila jioni mtunza jengo, tunayemwita Bwana Funguo kwa lile rundo linalomning'inia kiunoni, anachapisha jedwali na kulibandika kwenye mlango wa paa. Asubuhi anasimama hapo. Ukiwa kwenye rangi ya siku, unapita. Usipokuwa, unashuka na beseni lako. Hana mjadala. Mimi ni namba kumi na nne, bluu.

Leo Mama Mwenyekiti wa kamati (namba ishirini, bluu vilevile) alinisimamisha ngazini. Akasema bluu yangu imekolea mno, inamaliza wino wa printa, niipunguze makali. Nikakunja uso kitaalamu. Nikamweleza kwamba hiyo ni kazi nzito, kwamba mistari ya bluu ni kumi na miwili na kila mmoja naupaka kwa mkono. Nipewe siku nne. Na ni kweli! Nilipotengeneza ukurasa niliandika rangi ndani ya kila mstari, mmoja baada ya mwingine. Mtu hapewi chumba kwa kazi nyepesi.

Bahati mbaya Mwalimu alikuwa anapanda ngazi. Huyu ni mama mstaafu wa hesabu, namba tatu, mweupe. Akauliza kwa upole, kwa nini siku nne. Ule upole sikuupenda hata kidogo.

Jioni mke wangu akatoa tangazo. Kaka yake mwenye duka la magodoro anatafuta mtu. Nikikosa chumba Jumapili, basi Jumatatu naripoti kwa shemeji, maana yeye amechoka kugonga mlango wa choo kila akibanwa. Mimi! Mtu niliyeachishwa kazi na kampuni nzima kwa sababu ya wivu wa watu, leo nipige godoro konde ili mteja aone linavyodunda! Nikamwambia ufunguo ni wangu, asubiri tu. Akajibu kwamba kusubiri ameshazoea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa. Mwalimu kaniumbua.

Niliitwa nyumbani kwa Mama Mwenyekiti saa nne asubuhi. Nikamkuta Mwalimu ameshakaa, miwani puani, kitabu cha maktaba mapajani. Kumbe mama wa watu amekuwa akisoma mambo ya kurasa za mtandao tangu alipostaafu! Akachukua karatasi akachora mti wa ukoo. Jedwali ni mzazi, akasema, na mistari ni watoto wake. Ile lugha ya kuremba kurasa, CSS, unaweza kuiambia hivi: kila mtoto wa pili, mvishe bluu. Kanuni moja, basi. Wakiwa ishirini na nne au wakiwa elfu, ni ile ile moja. Akaiandika kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha daftari langu:

tr:nth-child(2n)

Akaeleza kwamba tr ni mstari, nth-child ni mtoto wa ngapi, na hiyo 2n ni hesabu ya watoto wadogo: mbili, nne, sita, nane. Mama Mwenyekiti akaniuliza kama nilikuwa naijua kanuni hii. Nikasema naijua sana, ila haina utu. Akauliza, utu gani tena kwenye jedwali la nguo. Nikasema mstari uliopakwa kwa mkono una upendo ndani yake.

Nikaamriwa niiweke pale pale. Nikazifuta bluu zangu kumi na mbili kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaandika kanuni ya Mwalimu, bluu ikiwa imepunguzwa makali. Rangi zikajipanga zenyewe, kila mtu pale pale alipokuwa. Mama Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani. Dakika kumi na moja. Ningekuwa na akili ningeandika polepole.

Kuna baya zaidi. Mwalimu naye anakitaka chumba cha paa. Mumewe tangu astaafu anajifunza tarumbeta, na mama anahitaji mahali pa kupumzisha masikio. Kwa hiyo Jumapili haitakuwa kupitisha tena, itakuwa kura. Anayestahili kuutunza ukurasa ndiye atakayechukua ufunguo. Nimemweleza mke wangu kwamba hali bado ni nzuri. Akaniuliza kiuno changu kipana kiasi gani, kaka yake anashonesha sare.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya kampeni. Akili ni nywele, kila mtu na zake, na zangu ni nyingi.

Mkakati wa kwanza ulikuwa tarumbeta. Nilimvizia mume wa Mwalimu chini ya ngazi. Nikamsifu. Nikamwambia ana pumzi za fundi, na ni dhuluma kufungia kipaji kile ndani, afungue dirisha majirani nao wafaidi. Hesabu yangu ilikuwa wazi: kelele zikizidi, jengo zima litaichukia namba tatu, na kura zitakimbia. Mzee alikaribia kulia. Hakuna aliyewahi kumsifu.

Akapiga kuanzia saa tatu mpaka saa saba, dirisha wazi. Wimbo mmoja. Nusu wimbo, kwa kweli, maana kila akifika mahali fulani anakwama na kuanza upya. Matokeo? Jengo zima linamhurumia Mwalimu! Namba kumi na moja amempelekea chai. Kina mama wanne nimewasikia ngazini wakisema maskini yule mama apewe kile chumba hata leo, Jumapili ni mbali. Nimempigia kampeni mshindani wangu. Jioni mzee kanisimamisha kuniuliza kesho ningependa apige wimbo gani.

Mkakati wa pili umekwenda vizuri kidogo. Mkutano utafanyika juu ya paa, na Mwalimu nami tutaonyesha kazi zetu kwenye televisheni ya Mama Mwenyekiti. Nimejitolea kuibeba, ghorofa zote. Amenishukuru. Hiyo ni kura moja, kama mgongo wangu utanusurika.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimepata! Wazo limenijia hapa hapa kwenye kifuniko. Wakubwa wote wa dunia nadhani waliwaza mahali kama hapa.

Kanuni ya Mwalimu inahesabu watoto. Je, nikimzalia jedwali mtoto mmoja wa ziada? Mstari mtupu, kati ya namba mbili na namba tatu, halafu niuamuru ufichwe usionekane kabisa. Hapo Mwalimu, badala ya kuwa mtoto wa tatu, anakuwa wa nne. Anageuka bluu! Yeye hufua Jumamosi, mashuka na mapazia. Atapanda na mabeseni yake siku ya weupe, na Bwana Funguo atamrudisha kwa kanuni yake mwenyewe, mbele za watu, siku moja kabla ya kura. Nani atamkabidhi ukurasa mtu ambaye kanuni yake inamfungia mlango?

Na hakuna atakayeshtuka, maana kisichoonekana hakihesabiwi. Hilo ni jambo la kawaida tu la maumbile.

Nimeuweka mstari saa kumi jioni, nyumba nzima ikiwa sokoni. Ndani yake nimeandika maneno machache ya kujikumbusha, nisije nikaufuta kwa bahati mbaya. Mtaalamu lazima aweke kumbukumbu. Saa kumi na mbili nikamsikia Bwana Funguo akipanda na karatasi yake mpya. Nimekula vizuri, nimemsifu hata Mama Mkwe kwa mito yake. Akaniuliza nimevunja nini.

Mke wangu ameloweka suti yangu. Ni moja tu, na Jumapili nataka kupokea ufunguo nikiwa mtu wa maana. Kesho Ijumaa ni zamu yetu ya kamba.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sielewi.

Saa mbili asubuhi nilisikia sauti ya Mama Mkwe kutoka juu, na sauti ya Mama Mkwe si ya kutafutwa. Nikapanda. Kwenye ngazi za ghorofa ya juu wamepangana watu na mabeseni, maji yanachuruzika kidato hadi kidato. Namba nne, sita, nane, kumi. Namba ishirini, Mama Mwenyekiti mwenyewe, na mashuka sita. Namba kumi na nne: Mama Mkwe, suti yangu ikiwa mikononi mwake kama mgonjwa aliyezimia. Wote ni watu wa bluu, na leo ni siku ya bluu. Na mlangoni Bwana Funguo, kidole kwenye karatasi, anasema karatasi inaonyesha wote hawa ni weupe.

Nikaitazama karatasi. Mwalimu amegeuka bluu, sawa, kama nilivyotaka. Lakini na namba tano kageuka bluu! Na saba, na tisa! Wote waliomfuata wamesukumwa hatua moja, na kila mmoja amechukua rangi ya mwenzake mpaka mwisho wa jedwali. Mstari mmoja tu niliuweka! Nyuma ya Bwana Funguo niliona kamba. Tupu, ukiondoa taulo la namba mbili. Wale waliopewa bluu walishaanika jana, hawana hata soksi mbichi. Jua linawaka, upepo unavuma, kamba zinacheza zenyewe, na ngazini tumejaa na maji yetu.

Sikupoteza nafasi, hata hivyo. Nikapaza sauti kwamba mimi nilipaka kwa mkono miezi minane na hakuna aliyekosa kamba, na kanuni za vitabuni zimekaa siku tatu tu haya ndiyo matunda yake. Watu wakaguna. Mama Mwenyekiti akatikisa kichwa na kusema labda tulimwonea huyu bwana. Alinisema mimi! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Basi ni ushindi, isipokuwa suti. Mke wangu amesema suti ikivunda sitapewa nyingine, nitaripoti kwa shemeji na kaptula. Nimefikiria haraka. Nimeongeza mstari wa pili uliofichwa, juu kidogo ya namba kumi na nne. Watoto wawili wa ziada, tunarudi tulipokuwa: sisi bluu, Mama Mwenyekiti bluu. Mwalimu abaki kwenye shida yake kule juu. Nao nimeuandikia maneno ya kujikumbusha. Wakati mwingine najishangaa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo ni Jumamosi. Jumamosi ni siku ya weupe. Karatasi mpya inasema sisi ni bluu.

Jana tumefukuzwa kwa kuwa weupe, leo tumefukuzwa kwa kuwa bluu. Kama ningekaa kimya jana, leo suti yangu ingekuwa inapepea juu! Namba nne mpaka kumi na mbili, wale weupe wapya, wamepita na mabeseni yao ya jana wakicheka. Sisi wa kumi na nne kwenda mbele tumebaki na nguo zilizolala majini siku mbili. Mashuka ya Mama Mwenyekiti yameanza kunuka. Alisema maneno ambayo mwenyekiti hatakiwi kuyajua.

Mwalimu naye alipanda na mapazia yake, akarudishwa mlangoni kama nilivyopanga. Hiyo ndiyo furaha niliyoisubiri tangu Alhamisi. Lakini hakukasirika! Aliweka beseni chini, akavaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Kidole chake kikashuka polepole kutoka juu. Kikasimama kwenye namba tatu. Kikaendelea, kikasimama tena kwenye namba kumi na nne. Halafu akanigeukia mimi na kunisalimia kwa upole uleule. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo Mama Mkwe alipochoka. Alimwambia Bwana Funguo kwamba yeye ni kijana mzuri, mwaminifu, na ana njaa, aende kwake akanywe chai. Bwana Funguo akasema karatasi. Mama Mkwe akasema karatasi hainywi chai. Sijui ilikuwaje, ila niliona ufunguo wa paa ukihama kutoka kiuno kile kwenda kwenye kanga ile. Akavuta kigoda akakaa mlangoni. Akauliza kila mtu swali moja tu: mwanangu, una nini kibichi? Mashuka akayapeleka kamba za nje penye upepo. Nguo za watoto katikati. Soksi akazibana pembeni mbili mbili. Namba sita na namba kumi na sita, ambao hawajasalimiana tangu mwaka juzi, amewapa kamba moja, wakaishia kuazimana vibanio. Saa nane mchana ngazi zilikuwa kavu, na Mwalimu alikuwa amekaa na Mama Mkwe kivulini wakimenya machungwa.

Suti yangu aliianika mwisho kabisa, jioni. Akasema hataki watu waseme anampendelea mkwe wake. Jua lilikuwa limeshaondoka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea, na historia ihukumu.

Nilibeba televisheni. Ghorofa sita, peke yangu, ndani ya suti mbichi. Kila nikipanda kidato suruali inanibana kwa baridi. Nikafika juu, nikaunganisha nyaya, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele, mkabala kabisa na mlango wa chumba changu. Niliuona ufunguo mezani mbele ya Mama Mwenyekiti. Nilikuwa nimeshawaza pazia.

Nilizungumza kwanza. Nilizungumza vizuri. Upendo, mkono, miezi minane, maafa ya kanuni. Watu walitikisa vichwa. Mke wangu alikuwa nyuma, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilimwona ana matumaini. Hilo limeniuma kuliko yote yaliyofuata.

Akasimama Mwalimu. Hakujitetea. Aliwasha jedwali kwenye televisheni, akaonyesha kwamba bluu na nyeupe zinapokezana vizuri, isipokuwa mahali pawili ambapo bluu mbili zimegusana. Mahali pa kwanza ni namba mbili na namba tatu, yaani mlangoni kwake. Mahali pa pili ni namba kumi na tatu na namba kumi na nne. Akauliza namba kumi na nne ni ya nani. Vichwa ishirini na tatu vilinigeukia.

Kisha akasema kanuni ya kila mtoto wa pili haikosei kuhesabu, inahesabu hata mtoto aliyejificha uvunguni. Mtoto hata asipoonekana, bado ni mtoto, na nafasi yake ni yake. Kwa hiyo hebu tuwaite watoke. Akaufuta urembo wote wa ukurasa, rangi na amri za kuficha, likabaki jedwali uchi.

Wakatoka. Mistari yangu miwili, kwa herufi kubwa, kwenye televisheni niliyoipandisha kwa mgongo wangu mwenyewe. Wa kwanza: USIFUTE, WA KUMKOMOA MWALIMU. Wa pili: USIFUTE, WA KUJIOKOA MWENYEWE.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilibeba na taa ya kunionyesha nikiwa ndani. Nikajaribu kusimama niseme hayo ni maneno ya kiufundi. Nilipoinuka, kiti kilikuwa na kidimbwi cha maji ya suti. Watoto wa namba tisa walikipa kile kidimbwi ufafanuzi wao wenyewe. Mama Mwenyekiti, ambaye mashuka yake bado yananuka, aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuieleza.

Nikabaki na faraja moja, kwamba basi angalau Mwalimu apewe tuyamalize. Naye akakataa! Akasema ukweli ni kwamba ukurasa huu hauhitaji mtunzaji. Kanuni ni moja, nyumba ni zile zile, utajiendesha mpaka jengo lianguke. Kinachohitajika si mtu wa kompyuta, ni mtu wa kukaa huku juu mwenye macho na mdomo. Watu wote wakamgeukia mtu mmoja, aliyekuwa pembeni akishona mto.

Mikono ishirini na minne. Mmoja ulikuwa wa mke wangu.

Mama Mkwe akasimama, akashukuru, akasema yeye ni mgeni tu hapa ila wito hauna mgeni. Akasema karatasi ya jana ilikuwa ya hila ndiyo maana aliipuuza. Ikirudi kuwa ya haki ataifuata kwa kila mtu, hata kwa mkwe wake. Mwalimu ataruhusiwa kuja kupumzisha masikio muda wowote tarumbeta ikianza. Nikaambiwa niondoe mistari yangu pale pale, nikaondoa. Halafu nikaambiwa niishushe televisheni.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Jana niliripoti kwenye magodoro. Sitaki kulizungumzia. Shemeji kanipangia siku moja dukani, siku moja nyumbani: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hata yeye!

Leo niko nyumbani. Mama Mkwe amehamia juu na cherehani, mito na kigoda. Chumba kidogo kimebaki kitupu. Mke wangu amefuta meza, amerudisha kiti changu, ameweka kompyuta yangu katikati, amefungua dirisha. Akasimama mlangoni akaniuliza kama sasa nimefurahi, maana nimepata ofisi yangu na choo kimepata uhuru wake. Nikamwuliza nifurahie nini. Chumba hiki dirisha lake linatazama ukuta. Kile cha juu kinatazama mji mzima! Kuna upepo! Nasikia vicheko vyao huko, Mwalimu na Mama Mkwe, wanakula machungwa kwenye chumba changu. Mke wangu akaondoka na kitambaa chake.

Nimekaa nikafikiri kwa saa mbili, na nimegundua dhuluma ya waziwazi. Nyumba zote ishirini na nne zina mstari kwenye jedwali. Chumba cha paa hakina. Kwa hiyo Mama Mkwe hana rangi, hana siku, anaanika anapotaka, wiki nzima! Hii ni haki kweli? Na amesema mwenyewe kwamba karatasi ataifuata. Basi aingizwe kwenye jedwali. Akibanwa na siku tatu kwa wiki kama sisi wengine, yule mama anayefua mpaka vitambaa vya kufutia miguu, mwezi hautaisha atakuwa ameshuka. Na mimi nitakuwa nimepanda.

Nywila ya ukurasa hawakubadilisha. Ndiyo wataalamu hao.

Safari hii hakuna hila. Sitaficha kitu. Nimeongeza mstari mmoja tu, unaoonekana, wenye jina lake kamili la cheo: Mlinzi wa Paa. Na kwa heshima ya umri nimeuweka juu kabisa, kabla ya namba moja. Mstari mmoja, mahali pa heshima, utamdhuru nani? Bwana Funguo ameshapanda na karatasi ya kesho.

Mke wangu anapita koridoni na beseni. Ijumaa kuna mteja wa hoteli anakuja kuchukua magodoro mia, na shemeji anataka nimpokee nikiwa nadhifu. Suti imelowekwa. Kesho Jumatano ni zamu yetu.